Sandwichi ya Mzee Mbaruku

Walikuwa wametoka kumkabidhi binti yao Rukia kwa mumewe, Mzee Mbaruku macho makavu kabisa, na sasa, mgahawani, ameng'ang'ania sandwichi mpya ya kuku wa pilipili.

“Na vidonda vyako vya tumbo? Usiniletee balaa miye!” alifoka mkewe, Bi Tatu. Aliposhindwa kumzuia, aliagiza na yake, akamnong'oneza mhudumu azitengeneze zote mbili bila pilipili hata chembe.

Mzee akauma mara moja. Machozi yakamlengalenga, kisha yakamwagika hadi ndevuni.

“Pilipili hii!” alisema, akigeukia ukutani. “Kali kweli, mama Rukia.”

“Si nilikwambia? Husikii, mwanamume wewe!”

Bi Tatu akamsukumia tishu. Akaiuma sandwichi yake, akatafuna polepole, kisha akanyoosha mkono kuchukua tishu nyingine.