Mkwe Kinamasini

Matete yalipotikisika, Taisia alidhani ni yule bata wa mwisho aliyempiga, bado anafurukuta. Kumbe ni dubu, amesimama wima, maji yanamchuruzika kifuani.

Bunduki ilikuwa na risasi ndogo za ndege, za kumtia hasira tu. Mkono wake ukafanya ulichozoea tangu alipoolewa: ukauvuta mtandio, ukamfunika uso mzima. Kwa Wakhanti, watu wa misitu ya Siberia, mke hamwonyeshi baba mkwe uso wake, wala dubu, wanayemwita Mzee wa msituni.

"Shikamoo, baba," alisema. "Bata hao hapo. Karibu ule."

Chini ya matamvua ya mtandio aliona matope tu. Kisha mguu ukatua hapo, kucha zake ndefu kama vidole, na pumzi yenye harufu ya samaki ikampiga kifuani.

Nyuma ya mguu ule vikaja vijiguu vingine, vinateleza, vinakanyagana.

Mifupa ya bata ikavunjika. Muda ukapita. Matete yakatikisika tena, mbali.

"Bata wako wapi?" mumewe aliuliza mlangoni. "Mbona milio ya bunduki nimeisikia?"

"Nimemkaribisha Mzee."

Akacheka, kisha akaona hafanyi mzaha, akaacha. "Alikuwa mkubwa?"

"Mzee gani? Mama mtu, na watoto wake. Nimejificha uso bure, kwa mwanamke mwenzangu."

Jioni ile walikula samaki mkavu, yule yule ambaye Taisia humlalamikia kila siku. Safari hii alifyonza mpaka miiba.