Nyekundu Iliyoungua

"Limeungua," mume alisema, wala hakuficha furaha yake.

Mke aliinama kwenye kioo kidogo cha kamera. Ua lilijaa picha nzima, petali tano pana, zote nyekundu tupu, bila mshipa wala mkunjo, kama vile mtu amemwaga kopo la rangi ukutani.

Lilikuwa kosa la wanaoanza kazi. Ua jekundu lina hila: jicho linaona sawasawa, lakini kamera inazidiwa, na rangi inaganda kuwa doa. Marehemu baba yake, aliyekuwa na studio, alimfundisha dawa yake tangu kichwa chake hakijafika urefu wa meza. Tundika kitambaa cheupe dirishani, jua lilainike. Kisha punguza mwanga mpaka picha ionekane na giza kidogo. Hapo petali hazifichi kitu. Kwa miaka mitano kiwanda cha kalenda kilichapa maua yake, na fundi wa rangi wa pale alizoea kusema kwamba mama huyu hajawahi kuunguza nyekundu hata siku moja.

Leo kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Jua la saa tano lilipita katikati ya nondo za dirisha na kulipiga ua usoni.

"Niache nipige nyingine," mke alisema. "Mkono ulitetemeka."

"Mkono hauunguzi rangi, bibie."

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka picha. Atakayepata jalada la kalenda huitwa kiwandani, akasimame penye mashine kuhakikisha rangi kwa macho yake mwenyewe. Mke hakulitaka jalada kwa ajili ya sifa. Mwaka mmoja na miezi minne hakuwa amekanyaga nje ya geti. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa mume, chini ya shati, na simu ilikaa mfukoni mwake. Majirani waliambiwa mke anaumwa. Ndugu zake waliambiwa wamehamia mbali.

Mwanzoni aliwahi kuandika kikaratasi na kukiegemeza kwenye chungu cha maua, kionekane pichani. Mume alikiona kabla hajaituma picha. Toka siku hiyo kalamu zote ziliondoka nyumbani mle, hata wanja, na kila picha ilikaguliwa kwenye kompyuta pembe kwa pembe, ikikuzwa mpaka vumbi likaonekana kama mawe. Alichoachiwa mke ni kamera yake, maua ya uani, na sindano moja ya kushonea, maana vifungo vya mashati ya bwana havikuwa na adabu.

Mume akaketi kwenye kompyuta, akaikuza picha, akaikagua.

"Hakuna kioo cha kuakisi kitu. Hakuna karatasi. Hata ua lenyewe halimo!" Akacheka mpaka akakohoa.

"Basi usiitume. Nakuomba, baba. Wataniona sijui kazi."

"Na mimi ndivyo ninavyotaka wakuone."

Akalituma faili zima, jinsi lilivyotoka kwenye kamera, kama kiwanda kilivyodai siku zote. Alibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, ili mke aone.

Mke alilitoa ua kwenye glasi. Akalifumba kiganjani na kulisaga mpaka maji mekundu yakachuruzika kati ya vidole. Mume aliitazama hasira hiyo kwa raha, kisha akaenda kula.

Saa nane simu ililia. Mume akaiweka sauti ya juu, kidole mdomoni kumwonya mke.

"Kaka, mimi fundi wa rangi. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Amelala."

"Picha yake imeungua."

"Nilimwambia! Macho yake yamechoka. Itupeni tu, wala msimwonee haya."

"Ndiyo nikashangaa. Shemeji kuunguza nyekundu? Hiyo ni sawa na kinyozi kujikata sikio lake mwenyewe." Nyuma ya sauti yake gari lilikuwa likinguruma. "Nikaona niishushe mwanga. Unajua kaizidishia mwanga kidogo sana, kaka, kama mtu aliyepima. Angeongeza kidogo tu, isingepona. Lakini hapo alipoiachia, vitu vyote bado vimo."

"Vitu gani?"

"Si mishipa ya ua. Mpo nyumbani?"

"Tupo. Kwani vipi?"

"Basi vizuri."

Simu ikakatika.

"Umesikia mwenyewe," mume alisema. "Hakulitaja jalada hata mara moja."

Mke alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa vimeguswa kwa mwaka mmoja na miezi minne.

"Na hivyo viatu, unakwenda wapi?"

Geti likagongwa. Si kwa mkono mmoja. Sauti ya fundi iliita hodi, na sauti nyingine nzito, isiyojua kuomba, ikaamuru wafunguliwe.

Mume alishika ufunguo kifuani, akasimama pale pale. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa kiwandani mahali anapoishi.

Alirudi mbio kwenye kompyuta. Akaifungua picha na, kama alivyosikia kwenye simu, akaushusha mwanga. Nyekundu ikaanza kunywea, polepole. Mishipa ikatokeza, kisha mikunjo, kisha ukungu wa chavua. Halafu juu ya petali tano, zikiwa nyembamba kama ncha ya sindano, zikatokeza herufi:

NIMEFUNGIWA. GETI BLUU. NYUMA YA STENDI. LETE POLISI. ATAITUMA MWENYEWE.