Mlango wa Mbele wa Verlene

Mgeni wa kwanza alibisha mlango wa nyuma, na Verlene akamjua papo hapo. Alikuwa mama wa ile nyumba kubwa ya nguzo nyeupe, ambaye Verlene alimpikia tangu ujana wake, akiingilia kila asubuhi mlango wa jikoni, kamwe si wa mbele.

Lakini leo watu wa jimbo la Georgia waliokuja kutazama nyumba za kale za mji wangefika na kwa Verlene pia, kwa mara ya kwanza. Nyumba hii ndogo babu yake aliijenga kwa mikono yake.

"Verlene, nifungulie. Nimewatangulia wenzangu."

"Zunguka mbele. Wageni wanapita mbele."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Viatu vikazunguka kwenye changarawe. Verlene akaenda sebuleni, akashika kitasa, akavuta. Mlango haukutikisika. Mara ya mwisho ulifunguliwa kupitisha jeneza la mumewe, na rangi iliyopakwa baadaye ilikuwa imeugandisha kwenye fremu.

"Umekwama," akasema, uso ukiwaka kwa aibu. Alingoja kuambiwa basi, turudi jikoni.

"Vuta, mimi nasukuma. Ila nikianguka usinicheke."

"Nitacheka sana."

Verlene akakaza mguu ukutani. Rangi ya buluu ikaanza kupasuka kutoka juu, ufa mwembamba kama uzi.

"Uko tayari, Bi Verlene?"

Bi. Miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo. Verlene akakilegeza kitasa.

"Sijasikia," akasema. "Hebu uliza tena."