Gari Jekundu Langoni

Mbio za magari zilipita katikati ya mji, na watu walijipanga hadi langoni mwa karakana ya Ottavio. Tangu vita viishe alikuwa ameunda magari manne tu, akifua bati kwa nyundo juu ya gogo. La nne lilikuwa mashindanoni siku hiyo.

Likaja likikohoa, likatoa moshi, likazima palepale langoni. Dereva akashuka, akaanza kulisukuma peke yake, maana sheria ya mbio ilikataza mtu mwingine kuligusa. Watu wakaangua kicheko.

"Hiyo sufuria kaiunda fundi gani, bwana?" mgeni mmoja akamuuliza Ottavio.

"Sijui," akajibu. "Labda watu wa mji wa pili."

Mkewe, Ersilia, alikuwa nyuma yake. Viti vya gari lile alivishona yeye, majuma mawili, vidole vikajaa matundu ya sindano. Akapenya katikati ya watu, akaenda kutembea ubavuni mwa dereva, mikono kaifunga mgongoni asije akaligusa gari.

Ottavio akatazama kucha zake. Zilikuwa na rangi nyekundu ileile ya gari. Akaitia mikono mifukoni, na yule mgeni, kwa adabu, akasogea kando ili Ottavio naye aone vizuri.