Mshiriki Namba Kumi na Saba

Muuguzi alifunga tena kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa mzee, akabonyeza, akasubiri. Mia moja tisini na mbili kwa mia moja kumi. Ilikuwa mara ya nne asubuhi ile, na mashine ilimpa jibu lilelile kama inayomkomoa.

"Mzee, niambie kweli. Dawa unameza?"

"Majibu ya mkojo si unayo hapo, binti yangu," mzee alisema, macho yake sakafuni.

Majibu alikuwa nayo, na hayo ndiyo yaliyomtia wazimu. Utafiti wao ulikuwa wa watu wenye presha. Kila mwezi mshiriki alileta kutoka nyumbani dumu lenye mkojo wa kutwa kucha, na maabara wakatafuta humo mabaki ya dawa. Wengi walinaswa hapohapo: mdomoni wanameza kila siku, mkojoni hamna kitu. Dumu la mzee huyu, namba kumi na saba, halikuwahi kukosa. Kidonge cha kwanza kiliposhindwa waliongeza cha pili, kisha cha tatu, mpaka cha nne. Mkojo ukaonyesha vyote vinne, tena kwa kiwango kinachotakiwa, na presha ya mzee ikang'ang'ania palepale.

Miezi minane sasa! Daktari mkuu alishaanza kusema muuguzi hajui kupima, tena alilisema mbele ya watu, na neno hilo lilimkaa kooni. Asubuhi hii daktari alikuwa amepiga simu na kusema basi, imetosha. Mwili wa huyo mzee umezikataa dawa. Kama leo presha haijashuka, apelekwe akafanyiwe upasuaji wa mishipa ya figo, ule wa kushusha presha, kabla kiharusi hakijamlaza.

Na angekuwa mkorofi, muuguzi angepata pa kumalizia hasira zake. Lakini mzee huyu alikuwa mpole tangu siku ya kwanza. Siku hiyo alikuja na mkewe, wakaingia kupimwa mmoja baada ya mwingine, na wote wawili presha ilikuwa juu. Utaratibu ulitaka mtu mmoja kwa kila nyumba, kompyuta ikamchagua mzee. Hakubishana. Aliomba tu aachiwe kumweleza mkewe yeye mwenyewe. Tangu hapo hajakosa kliniki hata moja, na mama hufuatana naye kila mara. Akishapokewa dumu lake pale dirishani, hukaa kwenye benchi la nje kumsubiri.

Muuguzi alivuta kiti karibu, akamweleza habari ya upasuaji, hatari zake na faida zake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: akikataa, dawa zitakatizwa? Akajibiwa kwamba ndiyo, faili lake litafungwa siku hiyohiyo. Akikubali, ataendelea kupewa kama kawaida.

Mzee alichukua kalamu mezani akatia saini bila kusoma.

Badala ya kupumua, muuguzi alizidi kuudhika. Tangu lini mtu akakubali kupasuliwa haraka hivyo? Alinyanyua mashine yake, akamwambia mzee asubiri, akatoka nayo. Kama ni mbovu, basi ijulikane leo, na daktari mkuu amwombe radhi mbele ya walewale waliosikia akitukanwa.

Nje, kwenye benchi, alikuwepo mama peke yake. Muuguzi alimwomba mkono ajaribie mashine. Presha ya mama huyu aliikumbuka vizuri, siku ile ya kwanza ilifika mia mbili na ushee, ikampita hata mumewe. Alibonyeza. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Akahamia mkono wa pili. Mia moja na ishirini kwa sabini na tano. Aliitikisa mashine, akaiangalia chini na juu, uvumilivu umemwishia.

"Mama, wewe presha yako imekwenda wapi?"

"Si dawa zenu, mwanangu," mama alisema, uso umemchangamka. "Vyote vinne nameza kila asubuhi, na yeye ananisimamia mpaka nimalize. Na dumu nalijaza mwenyewe, kama mnavyotaka."

Kisha akatupa jicho mlangoni, akamsogelea muuguzi na kushusha sauti.

"Ila leo nakuomba, mpimeni na yeye. Siku hizi anahema sana. Nikimwambia apime hataki, ananiambia yeye ni mzima, huwa anaingia humo kunichukulia dawa tu."