Maziwa ya Bridget

Vidonge vya presha hukausha maziwa ya mama. Edah aliyasikia hayo kwenye foleni ya chai, kanisani Hyattsville, Marekani, na hayakumtoka tena kichwani. Bintiye Bridget alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali na mtoto mchanga, Zaria, na chupa ya vidonge hivyo hivyo.

"Weka hizo kando kwanza, mwanangu," Edah alimwambia. "Mtoto ashibe. Utameza baadaye."

Bridget, aliyekulia huku, alijibu kwa Kiingereza kwamba daktari amesisitiza. Kisha akaitia chupa ya vidonge kwenye droo. Hakuzoea kubishana na mamake.

Akina mama wa kanisa walileta uji wa wimbi na supu ya mbuzi. Walimtania kwamba kumbe nyumba hii inafuga ng'ombe wa gredi, maana maziwa yalikuja mengi hadi mengine akawa anayakamua na kuyaweka friza. Miguu ilimvimba kidogo, na kichwa kikamgonga. Akapiga simu kliniki, akaambiwa ni uchovu wa uzazi, anywe Panadol alale. Edah naye alisema hivyo hivyo.

Leo asubuhi Awino, jirani aliyerudi jana kutoka Kisumu, aliingia na shuka la mtoto. Viti vya kanisa vilikuwa vimejaa sebuleni. Akadhani ni vya sherehe. Edah alikuwa jikoni, Zaria begani, akipasha moto chupa ya mtoto.

"Kumbe maziwa yalikauka," Awino alisema. "Si tuliambiwa pale kanisani? Binti yangu Lorraine anajifungua mwezi huu, naye amepewa vidonge hivyo. Nimwambie aache?"

Edah alifungua friza. Mifuko ya maziwa ilikuwa imepangwa hadi juu.

"Hayakukauka," alisema. Akaongea polepole, kama anayemsomesha mtoto.

"Asiache dawa kwa maneno ya watu.

"Asiite kuvimba miguu uchovu.

"Kichwa kikimgonga, asikubali kuambiwa alale. Aende hospitali, na wasipomsikiliza asitoke.

"Na asimsikilize mama yake kuliko daktari."

Awino alinyoosha mkono asaidie kumimina.

"Usimwage hata tone, dada," Edah alisema. "Aliyeyakamua tumemzika Jumamosi."