Sura ya Kuachia

Siku hizi mtu akipewa mkono wa chuma, kiendeshi chake, yaani ile programu inayouongoza, sharti kiandikwe na mtu wa nyumbani kwake. Kitabu cha mafunzo tunapewa bure, ila kila sura hufunguka ukishafaulu mtihani wa iliyotangulia. Sura ya tatu ni kukamata. Ya nne ni kuachia.

Mimi nilikuwa kwenye ya tatu.

Mkono wa mume wangu ulianza kwa kuponda sufuria, ukamnyonga paka, kisha ukanivunja vidole viwili.

"Mama Zamda, una mwandiko mzito," alinitania.

"Na wewe leo ndiyo umejua kunishika," nikamjibu.

Asubuhi ya mtihani aliuinua ajikune shingo. Ukamkaba koo.

Niliupiga kwa mchi mpaka mchi ukavunjika. Damu ilimtoka puani, macho yakamtoka pima. Msimamizi wa mtihani, Bwana Kiluwa, akaingia na daftari lake, akainama, akapitisha kidole kati ya chuma na ngozi.

"Hongera, mama. Hautetemeki kabisa. Umefaulu."

"Nifungulie sura ya nne basi, atakufa!"

"Itafunguka Jumatatu, saa mbili asubuhi," alisema kwa upole. "Si bado anapumua?"

Leo Jumamosi namnywesha uji kwa mrija. Mkono haung'oki, umeungwa mfupani. Koo likicheza kwa kicheko, kiendeshi changu hudhani kitu kinaponyoka, kikaongeza nguvu. Kwa hiyo mimi, mtani wa mtaa mzima, nimekaa kimya mbele yake.

Yeye ndiye ameanza kunikonyeza.